Radhi ya nne

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu nilivaa miwani nikatoka kukaa barazani, maana swali lile si la kujibiwa kwa simu. Umeuliza: "Mama, kwa nini vitabuni kila anayefuata moyo wake huishia kulia, na anayetii wajibu hatuambiwi kama alilia au hakulia?"

Nimesomesha fasihi miaka thelathini na moja, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza hivyo. Angeniuliza mmoja mapema, ningesomesha vingine.

Nitakujibu kwa wanawake wawili wa pwani yetu hii. Wa kwanza unamjua, maana nilikukaririsha beti zake ukiwa darasa la sita na wenzako wako nje wanacheza. Ni Mwana Kupona binti Msham, wa kule Siyu na Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Ugonjwa wenyewe anautaja mapema kabisa:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Ndipo anamwambia kiumbe ni radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, ambayo anasema imekaririwa mno. Beti zinazofuata ndizo zilizoshika vichwani mwa watu. Mume akilala usipige kelele, wala asikose wa kumpepea. Mtunze kama mtoto asiyejua kusema. Wako wanaoupenda utenzi huu kwa ajili ya beti hizo, na wako wanaouchukia kwa ajili ya beti hizo hizo.

Mimi nilizisomesha, nikawauliza wasichana maana ya utiifu, nikasahihisha madaftari. Lakini kuna beti nilikuwa naziruka. Ni pale mama yule anapoacha kuagiza, akaanza kumsimulia mtoto wake jinsi baba yake alivyomwoa kwa furaha na kicheko, wakakaa siku zote bila kuvunjiana heshima, na mauti yalipomjia akamkariria mkewe radhi. Tangu hapo hata leo, anasema, hajanyamaza kilio kila akumbukapo raha yao na wingi wa mazoea. Niliziruka kwa sababu mitihani haikuziuliza. Na nikwambie kweli, niliziruka pia kwa sababu sauti yangu ilikuwa inakatika mbele ya watoto wa watu.

Sasa zisome tena ukijua hili. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mtu aliyekataa kumwinamia Sayyid Said, sultani wa Unguja. Alifariki mwaka 1856. Kwa hiyo anayeagiza "mpepee" ni mjane wa miaka miwili, mwenye upepeo mkononi na hana wa kumpepea. Kila agizo mle ndani ni kitu alichowahi kukifanya kwa mtu aliyempenda. Tulipoufanya utenzi ule kuwa orodha ya kazi za mke, tulimpokonya mapenzi yake. Alilia, mwanangu. Na alituambia. Sisi walimu ndio tuliofunika.

Mwaka huo huo wa 1856, Sayyid Said naye alifia baharini akirudi Unguja kutoka Muscat. Miongoni mwa watoto aliowaacha alikuwamo Salme, mwanamke wangu wa pili, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Nimewaza sana juu ya hilo: wanaume wawili waliopigana wamekufa mwaka mmoja, na waliobaki kuandika ni mjane wa mmoja na binti wa mwingine.

Salme alijifunza kuandika kwa siri. Wasichana wa jumba lao walifundishwa kusoma tu, kwa hiyo alichukua Msahafu akawa ananakili herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, kalamu ile ile ilimwingiza kwenye fitina ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa mtawala. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua zao. Usiniambie basi kwamba wajibu ni kitu kimoja kilichonyooka. Kwake wajibu ulikuwa na kaka wawili, na kumtii mmoja kulikuwa kumwasi mwingine.

Kisha akampenda jirani, mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Akapata mimba. Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, akajifungua huko, na Mei 1867 akabatizwa na kuolewa siku moja, akaitwa Emily. Yule mtoto wa kwanza hakuishi. Huko Hamburg akazaa wengine watatu, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu.

Nimewasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema ile ilikuwa adhabu. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Tramu haijui nani katoroka kwao.

Lakini fungua kitabu chake, kile cha kumbukumbu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwenyewe anasema alianza kukiandika kwa ajili ya wanawe, wapate kujua mama yao katoka wapi. Ungetarajia mtu aliyeacha dini, ndugu na nchi kwa ajili ya mapenzi atuandikie mapenzi. Yamepata kurasa chache tu: nyumba mbili jirani, madirisha, urafiki uliogeuka kuwa pendo, safari. Basi. Mengine yote ni jumba la Mtoni, mabafu yake, mama yake Jilfidan, sikukuu, harusi, ugomvi wa ndugu, jinsi wagonjwa walivyouguzwa. Anaeleza vyumba kama mtu anayepita humo usiku akivigusa kwa mkono.

Hapo ndipo naona jibu lako. Mama wa wajibu ameandika kilio cha mapenzi, na binti wa mapenzi ameandika kilio cha kwao. Kila mmoja kaandika alichokikosa. Kwa hiyo ukiona kitabu kinalia, usikimbilie kusema mwandishi anajuta, wala kwamba anatutisha. Salme hakuandika popote, katika niliyoyasoma, kwamba laiti asingempenda Ruete. Ziko barua alizoandika kama kwa rafiki wa Unguja, hakuzichapisha mwenyewe, na humo anamlilia mumewe kwa uchungu ule ule anaoililia nyumba. Moyo wake ulikuwa na nafasi ya vyote viwili. Dunia ndiyo iliyomnyima. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli ya Wajerumani, na Barghash, aliyekuwa sultani wakati huo, akakataa kumwona. Yule yule ambaye Salme alimwandikia barua zake alipokuwa msichana.

Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, wakamzika nacho Hamburg, kando ya mumewe. Alikuwa amekaa na mchanga ule muda wote huo bila kumwacha Ruete hata siku moja.

Najua hukuuliza kwa ajili ya vitabu tu. Shangazi yako kanieleza kuhusu yule kijana wa Songea, na maneno ya wajomba zako yamenifikia yote, hata yale waliyodhani hayatafika. Sitakuchagulia. Ila sitaki uandike kitabu siku moja ukieleza vyumba vya nyumba hii kana kwamba mlango ulifungwa. Haujafungwa. Mlete Idi, ale hapa, nimwone macho.

Katika zile radhi tano, ya nne unayo tangu leo, nimeiandika kwa mkono wangu na sitaifuta. Ya baba yako niachie mimi, nitamsemesha baada ya Isha akiwa ametulia.

Mama yako