Sukari imeshuka baada ya miezi miwili ya insulini: usiache sindano

Ndugu, umeeleza kwamba una miaka 34, ulimeza metformini, vidonge vya kisukari aina ya pili, miezi minane huku unazidi kukonda, mwishowe ukaambiwa ni kisukari aina ya kwanza. Sasa, baada ya miezi miwili ya insulini, dozi imepunguzwa kutoka uniti 28 hadi 12 kwa siku, mashine inasoma sukari 5 na 6 (mmol/L), na nyumbani wanasema umepona. Hujapona, na tafadhali usiache.

Kinga ya mwili wako inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ulipoanza sindano, chache zilikuwa hai bado, ila zimelemewa na sukari nyingi. Sindano imezipunguzia mzigo, zikaamka. Kipindi hiki huchukua wiki au miezi, na kwa mtu mzima kinaweza kupita mwaka, lakini kinga haijaacha kuzishambulia. Anayeacha sasa hukaa vizuri siku kadhaa, halafu inatosha malaria moja tu: kiu, kutapika, tumbo kuuma, pumzi nzito. Hapo ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, zimejaa kwenye damu, na ketoni huua.

Kama moyoni bado unabishana na majibu, wala hushangazi, maana wengi tumezoea kwamba aina hii ni ya watoto. Omba kipimo cha kingamwili za GAD, ambazo huonyesha kinga inashambulia kongosho, na cha C-peptide, kinachoonyesha kongosho bado inatengeneza insulini kiasi gani. GAD ikiwa chanya, jibu umelipata. C-peptide inaweza kusoma vizuri kiasi kipindi hiki, isikudanganye.

Hatari yako kubwa sasa hivi ni sukari kushuka mno, kwa sababu kongosho inaongeza insulini yake juu ya ile unayochoma. Ikisoma chini ya 4, au ukitetemeka na kutoka jasho, kunywa vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (ya zero haina sukari, haisaidii). Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda. Chapati na chokoleti usizitegemee, mafuta yake huchelewesha sukari. Ikishuka mara mbili ndani ya wiki, mpelekee daktari daftari la vipimo apunguze dozi. Dozi hupunguzwa, haifutwi kwa uamuzi wa nyumbani.

Angalia pia bomba la sindano lenyewe, kwa karibu kabisa. Lile la mililita 1, kwa kawaida kila mstari ni uniti 2. La nusu mililita, kila mstari ni uniti 1. Anayebadilisha bomba bila kutazama anaweza kuchoma uniti 24 akidhani ni 12. Hakikisha limeandikwa U-100 kama kichupa chako, kwa sababu la U-40 ukilijaza kwa kufuata namba zake litakupa mara mbili na nusu ya dozi. Insulini yenye rangi ya maziwa, kama ile ya mchanganyiko (ya haraka na ya muda mrefu kwenye kichupa kimoja), iviringishe viganjani mara kumi na kuipindua mara kumi, usiitikise. Ile ya 30/70 choma dakika 30 kabla ya kula, chakula kikiwa tayari jikoni.

Hamisha sehemu ya kuchoma, kila mara sogea upana wa kidole. Ukirudia palepale panaota uvimbe laini usiouma, watu hupapenda kwa sababu hapaumi, na insulini ikiingia hapo hufyonzwa ovyo: sukari leo 15, kesho 3, chakula kilekile.

Vichupa vya akiba viwe kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikiganda tupa. Kinachotumika hudumu takriban wiki nne mahali pa baridi. Bila friji, chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kichupa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Ukiugua na huwezi kula, insulini ya muda mrefu haiachwi, kwa sababu homa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kama unachoma ya mchanganyiko, piga simu kliniki siku hiyohiyo wakupangie. Pima sukari kila baada ya saa nne. Ikizidi 14, pima ketoni kwenye mkojo. Zikiwa nyingi, au ukitapika bila kukoma, nenda hospitali usiku huohuo, na mtu wa mapokezi aambiwe neno la kwanza kabisa: kisukari aina ya kwanza.