Andika kwa Ajili ya Atakayekagua

Vijana wengi wanaotaka kuanza kuchangia programu huria, zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoziunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, huniuliza kwanza kuhusu lugha ya kuandikia programu: nianze na Java au JavaScript? Lugha unayoijua sasa inatosha. Kinachowakwamisha wengi ni kusahau kwamba upande wa pili yupo mtu, mara nyingi mtu anayejitolea usiku baada ya kazi inayomlisha. Mtu huyo, mkaguzi au mtunzaji wa mradi, lazima asome ulichoandika, akielewe, akijaribu, kisha akitunze kwa miaka hata kama wewe umeshaondoka. Katika mradi wowote wa aina hii muda wake ndio kitu adimu kuliko vyote. Ukiuheshimu, utapokelewa hata kama bado unajifunza.

Mimi nilianzia OpenMRS, na hadi leo namshauri kila aliye Afrika Mashariki autazame mradi huo. Ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kujengwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na Rwanda ikafuata mwaka huohuo. Uzuri wa mradi kama huu ni kwamba unaingia tayari ukijua jambo fulani. Fungua jedwali la watu katika hifadhidata yake: kando ya tarehe ya kuzaliwa kuna safu inayosema kama tarehe hiyo ni ya kukadiria. Aliyewahi kumpeleka bibi yake hospitali, akamsikia akimwambia karani kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani, haelezwi kwa nini safu hiyo ipo. Kuwajua watumiaji ni ujuzi kamili, na miradi mingi inauhitaji kuliko inavyohitaji mtaalamu mwingine wa lugha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo miongozo mingi hailigusi, nalo ni bando. Mara ya kwanza unapoujenga mradi wa Java, Maven, zana ya kuujengea, hushusha maktaba nyingi mno, yaani msimbo wa wengine ambao mradi unautegemea. Fanya hatua hiyo palipo na Wi-Fi, chuoni au kazini. Zikishashuka hubaki kwenye diski, na kuanzia hapo unaongeza -o kwenye amri ya mvn na kuendelea bila mtandao. Kwa kunakili hazina ya msimbo kwa git, zana inayotunza historia ya mabadiliko, wengi hushauri kuongeza --depth 1 kwenye amri ya git clone ili kupunguza kinachoshushwa. Kwa anayetaka kuchangia, mimi sikubaliani nao, kwa sababu amri hiyo inakata historia, na historia ndiyo mwalimu wako. Tumia --filter=blob:none: unapata orodha yote ya mabadiliko tangu mwanzo, huku yaliyomo kwenye faili za zamani yakishuka pale tu utakapoyahitaji. Kisha, kabla hujagusa mstari wowote, endesha git log juu ya faili unayotaka kuibadilisha. Utaona namba za tiketi, yaani kumbukumbu za kasoro na maombi ya mradi, na ndani ya tiketi utaona mjadala uliozaa mistari ile. Msimbo unaoonekana wa ajabu mara nyingi uliandikwa hivyo kwa sababu hospitali fulani ilikuwa na data ya namna fulani. Ukiufuta bila kujua hilo, mkaguzi atalazimika kukusimulia historia nzima.

Endesha pia majaribio yote (tests), yaani msimbo mfupi unaohakiki kama programu inafanya inavyotakiwa, kabla ya kubadilisha chochote, ili ujue yalikuwa katika hali gani ulipoyakuta.

Kwa mchango wa kwanza, napendekeza uandike majaribio. Ndivyo nilivyofanya. Nilichukua sehemu inayohakiki tarakimu ya mwisho ya namba ya mgonjwa kwa kanuni ya Luhn, ile inayomsaidia karani aliyebonyeza tarakimu moja kimakosa asifungue faili la mgonjwa mwingine, nikaongeza majaribio ya hali ambazo hazikuwa zimeguswa. Luhn hunasa kosa lolote la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kupishanisha tarakimu mbili zilizo jirani, isipokuwa 09 ikigeuka 90 au kinyume chake. Kuandika jaribio kunakulazimisha kuijua tabia ya msimbo hadi kwenye pembe kama hiyo. Kwa mkaguzi, jaribio halibadilishi lolote kwa mtumiaji, kwa hiyo analisoma upesi na kuamua upesi, na jina lako linaanza kufahamika.

Ukifika kwenye kurekebisha kasoro, anza hivyohivyo. Andika jaribio linaloshindwa kwa sababu ya kasoro hiyo, kisha andika marekebisho yanayolifanya lipite. Mkaguzi ataondoa marekebisho yako, aone jaribio likishindwa, ayarudishe, aone likipita. Hana haja ya kukuamini kwa maneno. Na badiliko liwe dogo kadiri inavyowezekana. Zima ile tabia ya kihariri chako ya kupanga upya faili nzima kila unapohifadhi, kwa maana mistari mitatu ya maana ikizama ndani ya mamia ya nafasi na mabano yaliyosogezwa, hakuna atakayeiona. Ukikutana na uchafu mwingine njiani, ufungulie tiketi yake.

Tahadhari hii ina sababu. Oktoba 2020, tukio la Hacktoberfest lililokuwa likitoa fulana kwa wachangiaji lilileta mafuriko ya mabadiliko yasiyo na maana, mtu kaongeza neno moja kwenye faili la maelezo ili tu ahesabiwe. Waandaaji walilazimika kubadilisha masharti siku chache tu baada ya mwezi kuanza, ili miradi iliyotaka yenyewe ndiyo ishiriki. Machi 2024 ikagundulika kwamba mlango wa siri ulikuwa umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana faili inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux, na aliyeupachika alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani ya mtunzaji aliyekuwa amechoka. Kwa hiyo mkaguzi akikuuliza maswali mengi, usidhani amekudharau. Anailinda kazi ambayo wagonjwa wanaitegemea. Na kama msimbo umesaidiwa na akili mnemba, usiutume mpaka uweze kuueleza mstari kwa mstari.

Kuna jambo la mila zetu pia. Sisi husalimiana kwanza, tukangoja kuitikiwa, ndipo tukasema shida iliyotuleta. Kwenye mradi wenye watu wa Kampala, Boston na Colombo, ukituma salamu peke yake asubuhi utajibiwa ukiwa umelala, na siku imekwenda. Salimia, tena kwa heshima, lakini ujumbe huohuo ubebe swali zima: ulitaka nini, uliendesha amri gani, kosa lilisemaje, umekwisha kujaribu nini. Na uliza hadharani. Najua inaonekana adabu zaidi kumfuata mkubwa pembeni, lakini jibu la faragha linamfaa mtu mmoja, na linamfanya mtunzaji arudie maneno yaleyale kwa kila mgeni.

Kukosolewa mbele ya watu ni kugumu kwetu, nami siwezi kukwambia hakutakuuma. Maoni ya wakaguzi ni mafupi na makavu, hayana "samahani ndugu yangu". Jibu kila oni, hata kwa kusema umerekebisha, na utume marekebisho kwenye tawi lilelile (branch), nakala ya kazi yako uliyoombea iunganishwe. Ukifungua ombi jipya la kuunganisha (pull request), mazungumzo yote yanabaki kwenye lile la zamani. Pale unapoona mkaguzi hajaelewa, mweleze kwa hoja na mfano. Kunyamaza kwa heshima hakumsaidii, kwa sababu hana namna ya kujua unachokijua wewe kuhusu kliniki ya kijijini kwenu. Ukimya ukizidi wiki, kumbusha mara moja kwa upole.

Kabla ya yote hayo, soma mkataba wako wa ajira. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoifanya katika ajira yako huhesabiwa kuwa ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine. OpenMRS hutolewa chini ya leseni ya Mozilla toleo la 2.0, na huwezi kutoa chini ya leseni yoyote kitu ambacho si chako. Barua pepe fupi ya ruhusa kutoka kwa mkuu wako inatosha, ihifadhi.

Badiliko likishaunganishwa, fuatilia toleo litakalolibeba na uwe karibu wiki zile za mwanzo, maana anayekutana na tatizo atakutafuta wewe kwanza. Wakati huohuo fungua maombi ya wageni wenzako yanayosubiri, uyashushe, uyajaribu kwenye mashine yako, uandike ulichokiona. Huhitaji cheo chochote kufanya hivyo, na kila ombi ulilolijaribu vizuri linampunguzia mtunzaji sehemu ya jioni yake.