Cheti kinatambulika dunia nzima? Kinatambuliwa na nani?

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali, darasa lao lina watoto zaidi ya 90. Karibu na kwetu imefunguliwa shule ya Kikristo inayofuata mtaala wa ACE (Accelerated Christian Education) kutoka Marekani. Nilipoitembelea sikuona mwalimu anayefundisha ubaoni. Kila mtoto ana kibanda chake cha mbao, anajaza kijitabu, na akikwama anasimamisha bendera ndogo. Nimependa utulivu wao na maadili. Mkuu wa shule anasema mtihani wa Taifa hauna umuhimu kwa sababu cheti chao kinatambulika dunia nzima. Je, nimhamishe? Na siku za mbele ataweza kuingia chuo kikuu hapa nchini? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

JIBU: Mama, ulichokiona sina shida nacho sana. Vibanda, bendera, ukimya, ndivyo mfumo huo ulivyo tangu Donald Howard na mkewe Esther walipouanzisha Texas mwaka 1970. Kinachonikera ni hayo maneno matatu ya mkuu wa shule: kinatambulika dunia nzima. Nayasikia karibu kila wiki, na wanaoyasema ni watu wazima wenye vitambi na tai.

Dunia haina ofisi ya kutambua vyeti. Cheti hutambuliwa na mtu fulani, mahali fulani, kwa shughuli fulani. Kwetu, ukija na cheti cha sekondari cha nje, Baraza la Mitihani (NECTA) ndilo linalokilinganisha na kidato cha nne au cha sita, na bila karatasi hiyo ya ulinganisho chuo hakikupokei. Kijana aliyesoma mfumo wetu anaomba shahada kwa ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita, kila mtu anajua. Wako atalazimika kwanza kuthibitisha kwamba alichosoma kinafanana na hicho. Huenda kikafanana, huenda kikafanana nusu, akaambiwa aongeze somo hili na lile akiwa na miaka 19.

Kuna karatasi moja ambayo madalali wa shule hizi huizungusha kama hati ya kiwanja. Mwaka 2008 taasisi ya Uingereza ya kulinganisha vyeti vya nje, iliyoitwa NARIC, ililinganisha ngazi ya juu ya cheti cha ICCE, wanachopewa baadhi ya wanafunzi wa mfumo huo, na A-level, yaani kidato cha sita cha Waingereza. Ni kweli, na Waingereza wenyewe walilumbana sana juu ya uamuzi huo. Lakini soma vizuri: ni Uingereza, kwa A-level ni ngazi ya juu tu, na ni cheti cha ICCE. Shule iliyonunua vijitabu ikavipanga kwenye rafu na kuwapa wahitimu karatasi yenye mhuri wake yenyewe, hiyo NARIC haiihusu hata kidogo. Nimekutana na wazazi ambao hawakujua tofauti hiyo mpaka mtoto alipomaliza. Baba mmoja aliniletea cheti cha bintiye kikiwa kwenye fremu ya kioo, kina lakiri nyekundu na utepe. Tulikigeuza huku na huku. Hapakuwa na jina la chombo chochote cha mitihani, ila jina la shule na sahihi ya mchungaji.

Sasa vijitabu vyenyewe. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka. Kabla ya kuanza mtoto hupimwa kujua wapi ana pengo, na anaanzia hapo hata kama ni nyuma ya darasa lake. Anajipangia kurasa za siku, anajisahihisha mwenyewe kwenye meza ya majibu, na mtihani wa mwisho wa kijitabu hasogei mbele bila kupata asilimia 80. Hilo la kupima pengo na kutovuka bila kuelewa nalisifu wazi, na shule zetu zenye watoto 90 kwa mwalimu mmoja zingefaa kuliiga. Ukurasa kwa ukurasa, hata hivyo, kazi kubwa ni kusoma aya na kujaza neno lililoachwa wazi. Mtoto mjanja hugundua mapema kwamba neno lenyewe liko mistari mitatu juu.

Na vyote viko kwa Kiingereza. Hapa ndipo mwanao anaponitia hofu, maana miaka hii yote amesoma kwa Kiswahili. Katika mfumo ambao mwalimu hafundishi, kijitabu ndicho mwalimu, na mwalimu huyo hajui neno hata moja la Kiswahili.

Niliwahi kuitwa kumpima mvulana wa miaka kumi aliyehamishwa hivyohivyo. Shule yake ilimwita dhaifu wa hesabu, ikamrudisha vijitabu vya ngazi mbili nyuma. Nikakaa naye pembeni ya kibanda chake. Swali lilikuwa la mwanamke aliyenunua mapapai manne, kila moja kwa bei fulani. Akalitazama muda mrefu, akachora mstari chini ya namba ya kwanza, akachora chini ya ya pili, halafu akazijumlisha. Nikamfunika kijitabu kwa kiganja, nikamwambia: mama kaenda sokoni Mawenzi, kanunua mapapai manne, moja shilingi 1,500, katoa ngapi? Akajibu 6,000 kabla sijafunga mdomo. Hesabu alikuwa anaijua, lugha ndiyo ilikuwa imemshinda. Alikuwa ameshapoteza karibu mwaka mzima akirudia kujumlisha, na bendera yake alikuwa ameacha kuisimamisha kwa sababu msimamizi akija husoma swali lilelile tena, kwa sauti zaidi.

Msimamizi, ndiyo. Muulize mkuu wa shule watu wale wanaozunguka kati ya vibanda wana cheti gani cha ualimu. Mfumo wenyewe unawaita wasimamizi, na kuna wenye shule wanaolichukua jina hilo kama ruhusa ya kuajiri kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne na anayejua kuimba vizuri.

Kitu kingine unachosema ulikipenda ni maadili. Hapa naomba tuelewane, maana mimi mwenyewe nimelelewa seminari na sina ugomvi na Biblia. Wazazi wengi wanadhani kuna kitu kinaitwa mtaala wa Kikristo, na kwamba shule isiyo nao ina Ukristo wa juujuu. Tazama seminari ndogo za Kanisa Katoliki hapa nchini. Serikali ilipotaifisha shule kwa sheria ya 1969, seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa. Ndizo shule zinazoandaa mapadre. Kengele ya misa inalia alfajiri, kuna kimya cha lazima usiku, kuna Kilatini kwa baadhi yao. Na wanafunzi wake wanakaa kufanya mtihani uleule wa NECTA anaoufanya mtoto wa shule ya kata, tena wanashika nafasi za juu. Hata zamani za ukoloni, shule za misheni kama Mtakatifu Fransisko ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka 1955, zilipata jina kwa wanafunzi wao kushindana na wengine. Hakuna padre aliyesema mwanafunzi wake asipimwe na mtu wa nje kwa sababu anasali.

Maadili ya shule yanakaa kwa watu wake: namna mwalimu anavyomsemesha mtoto aliyekosea, chakula kinavyogawiwa, kiranja anayeonea wadogo anafanywa nini. Kuchapa mstari wa Maandiko chini ya kila ukurasa wa sarufi hakumfanyi mtoto awe mkweli. Nimeshuhudia watoto kwenye meza ya kujisahihisha wakinakili majibu huku mstari wa siku ukihusu uaminifu. Siwalaumu, ni watoto.

Nikiwa hapo hapo, ACE si mkosaji wa pekee, wala si mkubwa kuliko wote. Angalau wao wana mfumo unaoeleweka. Shida kubwa ni biashara iliyozuka ya kumuuzia mzazi jina. Nyumba ya kupanga inapakwa rangi ya bluu, inapewa jina la mtakatifu, mtoto anavalishwa tai na soksi ndefu, na ubaoni kuna kuimba na kunakili tu. Wengine wanasema wanafundisha mitaala miwili kwa pamoja, wa Taifa na wa kimataifa, wakati walimu ni watano. Kuna vituo vinavyomwahidi mzazi wa mtoto aliyekwama kwamba atafanya QT mwakani na kidato cha nne mwaka unaofuata, sekondari nzima kwa miaka miwili. QT ni mtihani halali wa Baraza kwa watahiniwa wa kujitegemea, na watu wazima wengi wamenufaika nao. Kumpitisha humo mtoto wa miaka 13 ambaye hajawahi kushika kifaa cha maabara ni kumchinja polepole. Akifeli, mwenye kituo atasema mtoto hakuomba vya kutosha. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, yakisemwa mbele ya mama analia.

Kwa hiyo, mama, usimhamishe mwaka huu. Mwakani ana upimaji wa darasa la nne, mwache aufanye na wenzake. Pesa uliyotaka kulipa ada, toa sehemu ndogo umlipe mwalimu mmoja mwenye subira amsomee mtoto Kiingereza jioni, nusu saa tu, vitabu vya hadithi. Akishaweza kusoma ukurasa na kukueleza kwa Kiswahili kilichomo, hapo uwanja wa kuchagua shule utakuwa mpana, na hata hiyo ya vibanda haitamtisha.

Ukiendelea kuitamani, rudi pale siku ya kawaida, si siku ya maonyesho. Omba kuona karatasi ya ulinganisho ya mwanafunzi yeyote aliyemaliza kwao akapokelewa chuo cha hapa. Jina walifunike, sina haja nalo. Uliza chombo gani kinatoa cheti cha mwisho. Uliza mtoto akitaka kurudi mfumo wa Taifa akiwa na miaka 12 anaingia darasa gani, na ni nani ameandika hivyo.

Halafu uandike tena. Barua yako imeeleza vibanda vya mbao, bendera ndogo na utulivu wa watoto, lakini namba ya usajili wa shule hukuitaja popote.