Wakili anayewaza siasa leo na ujaji kesho: panga mafaili mapema

Kupita siasani hakumzuii mtu kuwa jaji. Earl Warren alikuwa gavana wa California kabla ya kuongoza Mahakama ya Juu ya Marekani kuanzia 1953 hadi 1969. Sandra Day O'Connor naye alikuwa seneta wa jimbo la Arizona kabla ya kuanza ujaji mwaka 1975. Wengi hukwama kwa kumbukumbu ambazo hawakuzitunza walipokuwa mawakili.

Anza na miaka. Nchi nyingi hutaka jaji awe na miaka kadhaa ya uwakili, na mara nyingi mvutano huwa kama muda wa ubunge unahesabiwa. Uliza kwa maandishi, upate jibu la maandishi, kabla hujaiacha leseni yako ikaisha.

Halafu wateja. Kila faili likabidhiwe kwa wakili mwingine, mteja akiwa ameridhia, na karatasi iliyosainiwa ionyeshe namba ya shauri, hatua lilipofikia, tarehe inayofuata na fedha za mteja zilizobaki. Akaunti ya wateja isomeke sifuri kabla ya kufungwa. Lalamiko la mteja aliyeachwa njiani huweza kulala miaka mingi, kisha likaibuka wiki ya usaili wa ujaji.

Ukiwa siasani, weka daftari la miswada uliyoiwasilisha, michango uliyoitoa bungeni na waliokuchangia fedha za kampeni. Kuhusu kesi iliyo mahakamani, nyamaza. Ukisema jukwaani kwamba fulani lazima afungwe, maneno hayo utasomewa siku moja, tena kwa haki kabisa. Ukiondoka, rudisha kadi ya chama kwa barua na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mtihani mkubwa huja ukishaapishwa: lini ujitoe katika shauri? Shauri uliloligusa ukiwa wakili, jitoe bila mjadala. Shauri ambalo chama chako cha zamani ni mdaawa, yaani mmoja wa wanaoshtaki au kushtakiwa, au kesi ya uchaguzi uliyoupigania, vivyo hivyo. Penye ugumu ni sheria uliyoipigia kura. Kura peke yake kwa kawaida haitoshi kukutoa, maana wabunge hupigia kura sheria nyingi. Lakini kama wewe ndiye uliyeuwasilisha mswada, au ulishatamka hadharani mgogoro huu uamuliweje, mwachie mwenzako.

Ukiwa na shaka, lieleze jambo siku ya kwanza shauri linapotajwa, pande zote zikiwepo, na liandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Kuchelewa ni ghali. Mwaka 1998 nchini Uingereza, uamuzi wa 3 kwa 2 dhidi ya Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa Chile, ulitenguliwa kwa sababu mmoja wa majaji, Lord Hoffmann, hakueleza uhusiano wake na taasisi ya hisani ya Amnesty International, shirika la haki za binadamu lililoruhusiwa kushiriki katika shauri hilo. Hakuna aliyethibitisha kwamba alipendelea. Kule kuonekana tu kulitosha. Rufaa ikasikilizwa upya na majaji 7.

Usigeuke pia kuwa jaji wa kujitoa kila mara. Kila unapojitoa, mzigo humwangukia mwenzako na wadaawa husubiri zaidi, na katika mahakama ya juu kabisa akidi yenyewe inaweza kukosekana.