Maswali ya wasomaji: Mbona mafao ya wastaafu hayafanani?

SWALI: Baba alifanya kazi kiwandani kuanzia 1969 hadi 1994, akikatwa fedha ya NPF (Mfuko wa Akiba wa Taifa) kila mwezi. Alipostaafu alilipwa mara moja, basi. Jirani yetu aliyekuwa karani serikalini anapokea pensheni hadi leo. Je, baba alidhulumiwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwa sheria ya wakati ule, hapana. NPF, iliyoundwa kwa sheria ya 1964, ilikuwa kibubu cha taifa. Mchango wa mfanyakazi, wa mwajiri na riba viliwekwa pamoja, na siku ya kustaafu kibubu kikavunjwa. Hakikujali kama mzee ataishi miaka mitano au thelathini. Na miaka ya 1980, mfumuko wa bei ulipovuka asilimia 30, riba haikuweza kuukimbiza. Aliyeweka fedha iliyotosha kuezeka nyumba alitoka na fedha ya misumari.

Jirani yenu aliangukia upande mwingine. Sheria ya pensheni ya 1954, iliyorithiwa kwa mkoloni, iliwapa watumishi wenye ajira ya kudumu pensheni kutoka Hazina bila kukatwa hata senti. Ndiyo, aliyekatwa hakupata, na asiyekatwa akapata.

Sheria Na. 28 ya 1997 iliigeuza NPF kuwa NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), yaani kutoka akiba kwenda bima ya jamii: ukifikisha michango ya miezi 180 na umri wa kustaafu, unalipwa kila mwezi maisha yako yote. Baba alitoka miaka mitatu kabla.

SWALI: Mimi ni mwalimu, zamani mwanachama wa PSPF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), nimestaafu 2025. Mwenzangu wa 2017 mwenye mshahara na miaka kama yangu alipata mkupuo (fedha ya mara moja ya kustaafu) karibu mara mbili ya wangu. Naomba hesabu, siasa niachieni. (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Tuchukue mshahara wa Sh1,000,000 kwa mwezi, yaani Sh12,000,000 kwa mwaka, na michango ya miezi 360.

Mwenzako alitumia kanuni ya PSPF. Miezi 360 ukigawa kwa 540, mara Sh12,000,000, unapata pensheni ya mwaka Sh8,000,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5: mkupuo wa Sh62,000,000. Nusu iliyobaki ikagawanywa kwa 12: Sh333,333 kila mwezi.

Wewe umetumia kanuni ya sasa, yenye 580 badala ya 540, hivyo pensheni ya mwaka inashuka hadi Sh7,448,276. Asilimia 40 inazidishwa kwa 12.5, si 15.5: mkupuo wa Sh37,241,379. Asilimia 60 inabaki: Sh372,414 kwa mwezi.

Kwa hiyo asilimia inayopigiwa kelele ni sehemu tu ya jambo. Vimebadilika vitu vitatu kwa mpigo: kigawanyo kimepanda, kizidisho na asilimia vimeshuka. Nyongeza yako ya mwezi ni Sh39,081. Kuifidia tofauti ya mkupuo kwa nyongeza hiyo kunahitaji zaidi ya miaka 52. Anayekuambia kwamba kilichopungua kwenye mkupuo kimehamia chote kwenye pensheni ya mwezi hajashika kalamu.

Chanzo chake? Watumishi walianza kuchangia PSPF mwaka 1999 tu (asilimia 5 mtumishi, 15 Serikali), lakini mfuko ulibebeshwa pia mafao ya miaka ya utumishi iliyotangulia, ambayo haikuwa na mchango hata mmoja. Serikali ilikuja kulipa sehemu ya deni hilo kwa hatifungani maalumu (hati ya Serikali ya kuahidi kulipa deni) ya Sh trilioni 2.17. Agosti 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa kuwa mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na kanuni moja ikaja na mkupuo wa asilimia 25. Wafanyakazi waliwaka, Desemba 2018 Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa mliokuwa na asilimia 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa na 25.

SWALI: Bibi yangu yuko Makunduchi, hajaajiriwa maisha yake yote. Ana haki yoyote? (Mjukuu, Unguja)

JIBU: Anayo, akiwa ametimiza miaka 70. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inalipa pensheni ya wazee isiyohitaji mchango, ikianzia Sh20,000 kwa mwezi. Kiwango kimepanda baadaye. Anzieni kwa sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia yenu, na kitambulisho chake mkononi. Bara hakuna kinacholingana nayo. Ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) huenda kwa kaya maskini zilizoteuliwa, si kwa umri.

SWALI: Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nihakiki nini? (Muuguzi, Mbeya)

JIBU: Chukua taarifa ya michango na uhesabu miezi mmojammoja ukiilinganisha na hati za mishahara. Mapengo hutokea zaidi unapohamishwa kituo au mwajiri anapochelewesha makato. Kwa mshahara wa mfano wetu, miezi 12 isiyoonekana inakula Sh1,241,379 kwenye mkupuo na Sh12,414 kila mwezi.

Kisha tazama mishahara yenyewe. Kanuni ya sasa inachukua wastani wa miaka mitatu yenye mshahara bora katika kumi ya mwisho, kwa hiyo cheo kilichopanda kwenye barua bila kupanda kwenye malipo hakikusaidii. Kidai kabla hujatoka. Mwisho, jina: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Asha na kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Aisha, apa kiapo sasa, maana faili hukwama hapo kuliko kwenye hesabu.