Tafuta kijiji kwanza, jina la ukoo baadaye

Babu yake mama mkwe wangu yumo kwenye sensa tatu za Marekani. Ya 1910 inasema alizaliwa Hungaria, ya 1920 Austria, ya 1930 Chekoslovakia. Mtu ni yule yule, anaishi Braddock, karibu na Pittsburgh, na kazi yake ni kiwanda cha chuma. Nilipoanza kuwatafutia wanangu asili ya upande wa baba yao, nilidhani makarani walichanganyikiwa. Kumbe Slovakia ilikuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria, uliofungamana na Austria, mpaka Chekoslovakia ilipoundwa mwaka 1918. Jina la nchi halitakufikisha popote.

Jina la ukoo nalo lilinipotezea mwaka mzima. Ni akina Kováč, yaani mhunzi, na kijiji gani hakikuwa na mhunzi? Hati za Kihungaria zinaandika Kovács, za Marekani Kovach. Babu mwenyewe nyumbani aliitwa Juraj, kwa Kilatini cha padre Georgius, kwa Kihungaria György, kiwandani George. Na ile hadithi ya kila familia, kwamba majina yalibadilishwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, iacheni. Orodha za abiria ziliandikwa bandari ya kuondokea, kama vile Bremen au Hamburg, na maofisa wa New York walizikagua hizo hizo. Mimi nilikuwa namtafuta George. Aliyepanda meli ni György.

Kwa hiyo usiharakishe kuvuka bahari. Maliza kwanza karatasi za Marekani, na unachotafuta humo ni kitu kimoja: jina la kijiji. Anza na parokia ambazo wahamiaji wa Kislovakia walijijengea, maana padre alikuwa mara nyingi mtu wa kwao na kwenye kitabu cha ndoa aliandika bwana na bibi harusi wametoka kijiji gani. Fuata hati za kuomba uraia. Za baada ya Septemba 1906 zinataja mahali pa kuzaliwa, pamoja na meli na tarehe ya kufika. Ukiwa na meli, fungua orodha ya abiria. Kuanzia 1907 iliuliza jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Tafadhali fungua na ukurasa wa pili! Mahali pa kuzaliwa pako kule mwisho kabisa, na mimi niliusoma ukurasa wa kwanza tu kwa miezi kadhaa.

Kijiji utakikuta kwa Kihungaria. Bardejov iliandikwa Bártfa, Prešov Eperjes, Košice Kassa. Ukishapata jina lake la Kislovakia, uliza kanisa lake lilikuwa wapi na la madhehebu gani, kwani Wakatoliki wa Roma, Wakatoliki wa Kigiriki na Walutheri kila mmoja alikuwa na vitabu vyake. Sisi tuliokulia Moshi tunajua habari ya kigango, kanisa dogo lililo chini ya parokia. Kijiji cha babu nacho kilikuwa kama kigango, na ubatizo wote uliandikwa parokiani, kijiji cha jirani. Serikali ilianza kuandikisha vizazi Oktoba 1895. Kabla ya hapo tegemeo ni kanisa. Picha za vitabu vingi vya kanisa zipo kwenye tovuti ya FamilySearch, bure.

Humo nilikuta akina Juraj Kováč watatu ndani ya miaka kumi. Kilichowatenganisha ni namba ya nyumba. Padre aliiandika kila mara, kwenye ubatizo na kwenye vifo, na watu walikaa nyumba ile ile kizazi hata kizazi, kama sisi Wachaga na kihamba, shamba la ukoo. Fuata namba, halafu angalia wasimamizi wa ubatizo: wakijirudia mtoto hata mtoto, uko kwenye familia ile ile.

Nyumba yetu ilikuwa namba 31. Mama mzazi wa babu alibatizisha watoto saba, na kando ya majina manne pana msalaba mdogo wa wino. Padre alirudi kuuchora mtoto alipofariki. Sikujua maana yake mpaka nilipofungua kitabu cha vifo na kuwakuta, wawili wamezikwa wiki moja.

Nilimpelekea mama mkwe. Ana miaka 84, na hakuwahi kusikia kwamba babu yake alikuwa na wadogo waliofariki. Akaniambia, "Nisomee majina, mwanangu." Nikasoma kama yalivyoandikwa: Joannes, Elisabetha, Stephanus, Anna. Naye kila nikitaja akalirudia polepole kwa Kislovakia alichofundishwa na bibi yake: Ján, Alžbeta, Štefan, Anna. Kisha akaomba kalamu, akayaandika yote manne kwenye ukurasa wa mwanzo wa Biblia yake, chini ya jina la babu.