Msokoto Unakula Upana: Niliyojifunza kwenye Sweta la Bibi

Hapa Mtwara mjini sweta si nguo ya kila siku, ila ukipanda Newala mwezi wa Juni au Julai utalitafuta mwenyewe. Bibi yangu mzaa mama anaishi kule, jirani na Shimo la Mungu, na upepo unaopanda kutoka bondeni alfajiri haukingwi kwa khanga mbili. Nikamwahidi sweta la misokoto, yale mapambo yanayopanda kifuani kama kamba. Nilifuma miezi miwili, nikapanda basi kupitia Tandahimba nikampelekea. Bibi akaingiza mkono wa kwanza, akaingiza wa pili, vifungo havikufika kwenye matundu. Akalivua taratibu, akalikunja mapajani.

"Mjukuu wangu, hili litamfaa mdogo wako."

Roho iliniuma njia nzima ya kurudi. Nikalifumua lote, na hapo ndipo nilipojifunza kufuma msokoto kwelikweli.

Msokoto wenyewe hauna uchawi. Ni vitanzi kupishana zamu. Kwa kamba ya vitanzi sita, ukifika pale unaviweka vitatu vya kwanza kwenye sindano fupi ya pembeni, unafuma vitatu vinavyofuata, kisha unarudi kuvifuma vile vilivyosubiri. Vikisubiri mbele ya kazi, kamba inalala kushoto. Vikisubiri nyuma, inalala kulia. Unarudia kila baada ya mistari sita, au minane ukitaka kamba ndefu iliyolegea. Ukiwahi kumwona mzee wa pwani akisokota usumba, akili yako itaelewa kabla ya mikono.

Kandokando ya kamba weka vitanzi viwili viwili vya nyuma, vile vinavyoacha vijinundu badala ya alama za V. Usiviruke. Hivyo ndivyo vinavyoiinua kamba. Bila hivyo inazama kwenye kitambaa na jasho lako lote halionekani. Rangi nayo ni hivyo hivyo. Nyeupe au maziwa huonyesha kila mkunjo, nyeusi humeza kila kitu.

Sindano fupi sijawahi kuiona dukani hapa. Mimi natumia kipande cha spoki ya baiskeli, urefu wa kidole cha kati, nimekisugua msasa ncha zote mbili hadi hakikwaruzi uzi.

Sasa kosa langu. Kwa uzi wangu na sindano za milimita 4, vitanzi 22 vinanipa sentimita 10 za kitambaa cha kawaida. Mgongo wa Bibi ulitaka sentimita 50, nikaanza na vitanzi 110, nikapanga misokoto sita. Vitanzi vinapopandana vinavuta kitambaa kwa ndani, na mgongo ukatoka sentimita 43. Mara ya pili niliongeza vitanzi viwili hadi vitatu kwa kila msokoto, nikafika 126. Viongeze baada ya kumaliza ukingo wa chini, vinginevyo ukingo utachanua kama sketi. Na kabla ya yote fuma kipande cha majaribio chenye msokoto ndani yake, ukipime kwa rula. Kipande kitupu kitakudanganya kama kilivyonidanganya mimi.

Ukigundua mistari kumi juu kwamba kamba moja umeilaza upande usio wake, tafadhali usifumue sweta zima. Achia vitanzi sita vya kamba ile tu, vishuke hadi penye kosa. Utaona nyuzi zimebaki zimelala kama ngazi. Vipishanishe upya inavyotakiwa, halafu panda ngazi moja baada ya nyingine kwa kulabu, ukianzia ya chini kabisa. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka. Sasa ni kazi ya robo saa.

Sweta za namna hii zilipata jina kwenye visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, ambako wanawake wa jamii za wavuvi walizifuma mwanzoni mwa karne ya 20. Utasikia kwamba kila ukoo ulikuwa na mtindo wake ili mvuvi aliyezama atambulike. Hiyo ni hadithi tu, isikuzuie kuchanganya mitindo utakavyo.

Kwa joto letu, fuma asubuhi au baada ya alasiri. Mchana viganja vinatoa jasho, uzi unanata kwenye sindano na vitanzi vinakaza. Poda kidogo ya mtoto inasaidia.

Likiisha, lifue kwa maji baridi, ulilaze juu ya mkeka kivulini ukilinyoosha kwa mikono. Pasi usiisogeze. Nyuzi nyingi za madukani kwetu si sufu, ni za kiwandani, na pasi ya moto inailaza misokoto hiyo moja kwa moja, haiinuki tena. La Bibi nalifua mwenyewe kila nikipanda Newala, na vifungo vyake vyote vitano vinafunga.